Majaribio na Majaribu: Juu ya Kungoja Matokeo

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja, nayo wanafunzi wetu huyachanganya kila mwaka: majaribio na majaribu. Majaribio ni yale ambayo mtu huyaendea kwa miguu yake mwenyewe ili apimwe. Majaribu ni yale yamjiayo mtu bila ya kuyaita, yakampima pasipo yeye kujua yatakwisha lini. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiieleza tofauti hiyo kwa mifano ya vitabuni. Mwaka huu tumepata mfano ulio hai, nao umetufundisha kwamba majaribio yaweza kwisha saa nne kamili asubuhi, na majaribu yakaanza saa nne na dakika moja.

Mfano huo ulitujia kwa barua. Aliyeiandika ni binti ambaye tulimfundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa, katika shule moja iliyomo ndani ya makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini. Baadaye familia yote ilipelekwa kuishi Marekani. Alipokuwa kwetu, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya shule, na hata leo wenzake waliobaki humkumbuka kwa sauti yake kuliko kwa jina lake. Sasa yuko katika mwaka wa mwisho wa masomo ya sekondari. Anatueleza kwamba ameomba nafasi katika vyuo vinne vinavyofundisha muziki. Mwanzoni mwa Desemba alipeleka nyimbo zake zilizorekodiwa. Vyuo vyote vinne vikamwita aje aimbe ana kwa ana. Na mnamo Februari alisimama mbele ya waamuzi wa chuo cha mwisho. Majibu hayatazamiwi kabla ya mwisho wa Machi. Baba yake, ambaye hufanya kazi ya usiku katika ghala la bidhaa, amemshauri aombe pia nafasi ya kusomea uuguzi. Mwisho wa barua yake ameuliza swali fupi: “Mwalimu, nimekwisha kuimba. Sasa nifanye nini?”

Tulipoisoma barua hiyo kwa mara ya kwanza tulidhani kwamba jibu ni jepesi, na kwamba methali moja ingetosha. Tuliandika: Subira huvuta heri. Lakini kabla wino haujakauka tukaikumbuka methali nyingine, ambayo wahenga hao hao walituachia: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ya kwanza yasema kwamba kukaa na kutazamia kuna faida. Ya pili yasema kwamba kuna madhara. Je, wahenga walijipinga wenyewe? Na ikiwa hawakujipinga, binti huyu aifuate ipi?

Sisi twaona kwamba hawakujipinga, kwa kuwa hawakuwa wakilizungumzia jambo moja. Twakiri kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu hutumia kungoja na kusubiri kana kwamba ni neno moja, wala hatuna nia ya kuwasahihisha watu sokoni. Hata hivyo methali zimehifadhi tofauti ambayo mazungumzo yameifuta. Kungoja huhusu wakati tu: jambo halijafika, na mtu yupo. Mzigo ulioachwa kituoni wangoja. Subira, neno tulilolipata kutoka katika Kiarabu, huhusu moyo: ni nguvu ya kuendelea kuwa mtu kamili wakati jambo halijafika. Mzigo hauna subira. Angojaye bila ya subira hujifanya mzigo. Hujiweka kituoni, akakaa huku akitazama upande itokeako gari, na tumbo likamwuma. Basi swali la binti yetu si kama angoje au asingoje, kwani hana hiari katika hilo. Swali ni kama katika majuma haya atakuwa mtu au atakuwa mzigo.

Kabla ya kulijibu, yafaa tuulize kwa nini kungoja huku humwumiza msanii kuliko angojavyo mkulima, au mwanafunzi aliyefanya mtihani wa hesabu. Mkulima naye hungoja miezi mingi. Lakini mahindi humpa habari kila asubuhi. Aliyefanya hesabu aweza kurudi nyumbani akazifanya upya, akajua kwa kiasi fulani amekosa wapi. Msanii wa jukwaani hana hata moja ya hayo. Zaidi ya hayo, sanaa yake kwa asili ni sanaa ya kujibiwa papo hapo. Katika ngoma zetu, mwimbaji huanzisha na watu huitikia. Akiimba vizuri kiitikio hupanda, na katika taarabu mtu hunyanyuka akaenda kumtunza. Akiimba vibaya pia hujibiwa, kwani watu huanza kuzungumza wao kwa wao. Chumba cha usaili ni mahali ambapo mtu huimba na hakuna aitikiaye. Waamuzi huandika, humshukuru kwa adabu, humwita mwingine. Wimbo umetoka, kiitikio chake kimeahirishwa kwa majuma sita. Si ajabu basi kwamba mwimbaji huanza kujiitikia mwenyewe, usiku, kwa maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema: kwamba mwamuzi mmoja alitazama saa, kwamba mwingine alitabasamu, kwamba noti fulani ilimponyoka na sasa yote yameharibika.

Hapa yatupasa tueleze, kwa ajili ya wasomaji wasiojua mambo hayo, waamuzi hufanya nini mlango ukishafungwa. Wengi hudhani kwamba huwapanga waimbaji katika mstari mmoja, tangu aliye bora hadi aliye duni, kisha wakaukata mstari huo kwa kisu. Lau ingekuwa hivyo, jibu lingekuwa kweli kipimo cha kila mmoja. Lakini kazi yao ni nyingine: wao hujenga darasa. Chuo cha muziki huhitaji sauti za juu na za chini, za kike na za kiume, kwa kadiri ambayo kwaya na opera za chuo zaweza kuimbwa. Wapiga tarumbeta wawili wakihitimu, hutafutwa wawili wa kushika nafasi zao, hata kama waliokuja ni hodari saba. Mwalimu wa sauti naye ana saa zake za kufundisha mtu mmoja mmoja, nazo zikijaa zimejaa. Chuo cha Juilliard cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1905 na kuongezewa kitengo cha tamthilia mwaka 1968, kila mwaka huchukua kundi dogo sana la waigizaji wapya, wapatao 18 hivi, kwa sababu hufunzwa pamoja kama kikundi kimoja cha jukwaani, na kila mmoja lazima aweze kusimama kando ya wenzake. Mpishi asiyetia karafuu katika mchuzi ambao tayari una karafuu hajasema kwamba karafuu ni mbaya.

Tena waamuzi ni binadamu, na wenyewe walijua hivyo. Kuanzia miaka ya 1970 okestra nyingi za Marekani zilianza kuwasikiliza waombaji wa kazi kutoka nyuma ya pazia, ili sikio lisidanganywe na jicho. Mtu hatundiki pazia mbele yake ila amekiri kwamba hukumu yake yaweza kupotoka.

Kuna mfano maarufu ambao walimu wa muziki hupenda kuutaja. Mwaka 1832 Giuseppe Verdi, akiwa kijana wa miaka 18, aliomba kuingia katika chuo cha muziki cha mji wa Milan. Alikataliwa. Umri wake ulikuwa umepita ule uliowekwa, naye hakuwa mwenyeji wa nchi ile; na waliomsikia hawakuridhika na jinsi alivyoiweka mikono yake juu ya kinanda. Leo chuo hicho hicho kinaitwa kwa jina la Verdi. Hadithi hii ni ya kweli, nayo inafurahisha. Hata hivyo sisi tumeamua kutomwandikia binti yetu kwa kumliwaza, na sababu yetu ni hii: kwa kila Verdi mmoja aliyekataliwa kwa makosa, wako maelfu waliokataliwa ambao hawakuwa Verdi, na maisha yao nayo yana thamani. Liwazo lisemalo “walikosea” huwafaa wachache. Twahitaji neno litakalomfaa hata yule ambaye waamuzi hawakukosea juu yake.

Katika hadithi ya Verdi, lililo la kujifunza kwa maoni yetu si kule kutundikwa kwa jina lake mlangoni. Ni yale aliyoyafanya baada ya kukataliwa. Hakurudi kwao kukaa. Kwa msaada wa mfanyabiashara Antonio Barezzi wa Busseto alibaki Milan akafundishwa na Vincenzo Lavigna, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika jumba la opera la La Scala; akaandika mazoezi mengi yenye kuchosha, ambayo hakuna mtu angempigia makofi kwayo. Opera yake Nabucco iliigizwa La Scala mwaka 1842, miaka kumi baada ya jibu lile. Lau isingeigizwa kamwe, ile miaka ya kujifunza isingekuwa uongo.

Mwanafalsafa Epictetus, aliyezaliwa utumwani katika karne ya kwanza na baadaye akafundisha huko Nicopolis, Ugiriki, alilizungumzia jambo hili kwa mfano wa mwimbaji apigaye kinubi. Mtu huyo, alisema, akiimba peke yake hana wasiwasi. Akiingia mbele ya watu hutetemeka, hata kama sauti yake ni nzuri na kinubi chake kimekazwa sawasawa. Kwa nini? Kwa sababu hataki kuimba vizuri tu. Ataka pia asifiwe, na kusifiwa hakumo katika uwezo wake. Uhodari wake waishia kwenye wimbo, lakini tamaa yake imevuka mpaka huo.

Twaikubali nusu ya mafundisho hayo, na nusu nyingine twaikataa. Ni kweli kwamba binti yetu amekwisha kulitimiza lililokuwa lake: alijifunza nyimbo, alisafiri, alisimama, aliimba. Ni kweli pia kwamba kujitesa sasa kwa ajili ya mioyo ya watu aliowaona kwa dakika kumi ni kufanya kazi isiyo na ujira. Lakini hatuwezi kumwambia kwamba asitamani kuitikiwa. Sisi tuliolelewa katika nyimbo za kuitikiana hatujui wimbo usiotaka sikio. Wala hatuwezi kumwambia kwamba matokeo si kitu. Ni kitu. Yana uzito wa ada, wa kodi ya nyumba, na wa usiku ambao baba yake amesimama ghalani. Mwalimu amwambiaye kijana maskini kwamba matokeo hayana maana amesema maneno ya mtu aliyeshiba. Tunalomwambia ni jingine: yatamani matokeo, lakini usiyape kazi ya kukuambia wewe ni nani. Yataweza kukuambia utasoma wapi mwezi wa Septemba. Hayajui zaidi ya hapo.

Hapa yatupasa tutoe ushuhuda dhidi yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi, kijana mpiga ngoma na mwigizaji, aliyekwenda kufanya usaili katika chuo kimoja cha sanaa. Aliporudi alitusimulia yote, nasi tukamwambia, “Wewe umekwisha kupita.” Hatukuwa na habari yoyote. Tulisema hivyo kwa sababu uso wake ulikuwa na wasiwasi, nao ulituumiza. Tulitaka kuutuliza, na kwa kweli tulitaka kujituliza sisi. Kwa majuma sita kijana yule aliishi kama mtu aliyepita. Aliacha mazoezi, aliwagawia wenzake vitabu vyake, na fomu ya chuo cha ualimu iliyokuwa mezani kwake hakuijaza mpaka siku ya mwisho ikapita. Kisha jibu likaja kwamba hakuchukuliwa. Alipotujia hakulia. Alituuliza tu, “Kumbe walimu hamkuwa mkijua?” Swali hilo hatukuweza kulijibu siku ile, na ndilo linalotufanya tuandike leo. Tulidhani tumempa matumaini, kumbe tulikuwa tumemnyang’anya subira. Kwani asiyejua kwamba bado anangoja hawezi kusubiri.

Basi tumemjibu nini binti yetu? Tumemwambia kwamba mtu angojaye ana wajibu wa aina tatu: kwa sanaa yake, kwa nyumba yake, na kwa wenzake.

Kwa sanaa yake, tumemshauri kwanza aandike katika daftari yote anayoyakumbuka juu ya usaili kabla hayajafifia: aliimba nini, aliulizwa nini, sauti ilimtii wapi na wapi ilimwasi. Maandishi hayo yatamfaa jibu likiwa ndiyo, na yatamfaa zaidi likiwa siyo. Akimaliza alifunge daftari, kwani kukumbuka mara moja ni kujifunza, na kukumbuka kila usiku ni kujipiga. Pili, aipumzishe sauti siku chache, halafu aanze wimbo mpya kabisa. Nyimbo alizowaimbia waamuzi aziweke kando kwa muda. Akiziimba sasa atakuwa akiusahihisha usaili uliokwisha kupita. Tatu, na hili twalikazia, aende akaimbe mahali penye kiitikio. Wako wazee wa Kivu katika mji ule anaoishi, wanaokutana na kuimba kwa Kiswahili. Wako wagonjwa na watoto. Huko hatapimwa, atasikilizwa. Mtu aliyekaa muda mrefu mbele ya vipimo husahau kwamba wimbo ulikuwako kabla ya vyuo, na kwamba haukubuniwa ili watu wachujwe.

Kwa nyumba yake, tumemkumbusha kwamba sauti siyo mlango peke yake. Katika vyuo vingi vya Marekani muziki huamuliwa na walimu wa muziki, na masomo mengine huamuliwa na ofisi nyingine. Aliyekubaliwa aweza kuharibikiwa akizembea masomo yake ya mwisho. Basi asome. Tena azimalize fomu za msaada wa fedha kwa wakati wake, kwa sababu kukubaliwa pasipo ada ni mlango uliofunguliwa ghorofani pasipo ngazi. Na tumemwomba aketi na baba yake sasa, kabla jibu halijafika, wakubaliane ni deni kiasi gani wawezalo kulibeba na ni lipi wasiloliweza. Moyo ukiwa umepoa hesabu huenda sawa. Barua ya furaha ikishafunguliwa, hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kutaja hesabu.

Na ule uuguzi? Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watataka tumwambie asiyumbe, ashike njia moja. Sisi hatuoni kwamba baba yake amemkosea. Aliyekimbia vita akiwa na watoto ana haki ya kutaka nyumba iwe na milango miwili. Lakini tumemtahadharisha binti yetu juu ya jambo moja: asiiombe kazi ile kwa dharau. Mgonjwa si benchi la kukalia mpaka gari la muziki lifike. Ikiwa ataomba nafasi ya uuguzi, aiombe akiwa tayari kuwa muuguzi kweli, naye aimbe jioni. Ikiwa hayuko tayari, amwambie baba yake hivyo kwa adabu, watafute mlango mwingine wa pili. Njia ya pili haimwaibishi mtu. Kinachomwaibisha ni kuipita huku akiwatemea mate waliomo.

Kwa wenzake, wajibu ni mwepesi kutaja na mzito kutimiza. Katika ukumbi ule wa kungojea walikuwako wasichana wengine wenye nyimbo zile zile na hofu ile ile. Asiwaombee kuanguka hata moyoni, maana husuda hula kwanza chombo kilichoihifadhi. Asitafute mkono wa mtu wa kumwombea kwa waamuzi. Sisi huku tunalijua jaribu hilo vizuri: daima kuna mjomba wa fulani anayemjua fulani. Nafasi ipatikanayo kwa njia hiyo humdhulumu aliyeachwa, nayo humdanganya aliyeipata, kwa sababu katika maisha yake yote hatajua kama wimbo wake uliitikiwa kweli. Mwisho, ikiwa atakubaliwa na vyuo viwili au vitatu, asizishike nafasi zote mkononi ili ajisikie tajiri. Kwa desturi ya vyuo vingi vya nchi ile, mwombaji hutakiwa kutoa jibu lake kufikia tarehe 1 Mei. Na nyuma ya kila nafasi kuna mtu katika orodha ya akiba ambaye bado anangoja. Asemaye “siyo” mapema kwa chuo asichokitaka humkatia mtu huyo siku kadhaa za majaribu. Ni sadaka ambayo atakayeipokea hatajua imetoka kwa nani.

Upo na wajibu wa nne, lakini huo hatukumwandikia yeye, kwa sababu ni wetu sisi walimu. Kila mwaka tunao wanafunzi wanaongoja: matokeo ya mitihani, majibu ya vyuo, barua za kazi. Tusiwaambie “utapita,” kwani hatujui. Tusiwaambie pia “usitumaini sana,” kwani neno hilo huonekana kuwa la hekima, lakini mara nyingi ni woga wetu wa kuja kuwaliwaza. Tuwe na ujasiri wa kusema “hatujui,” kisha tukae nao. Na tuangalie tunavyowasalimu. Mwanafunzi angojaye, kila akutanaye naye humwuliza, “Majibu yametoka?” Mtu akiulizwa hivyo mara kumi kwa siku, huanza kujiona kwamba yeye mwenyewe bado hajatoka. Yako mambo mengine ya kumwuliza: amesoma nini, mama hajambo, wimbo gani mpya anaujifunza.

Lugha yetu, ambayo tulianza nayo, ina neno jingine la kutusaidia. Kushinda ni kupata ushindi. Na kushinda pia ni kuumaliza mchana, tangu asubuhi hadi jioni. Waliotangulia hawakuona haja ya kuyatenganisha maneno hayo mawili, na mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa kuambiwa kwamba tunaulizana jioni “umeshindaje?” hata siku ambayo hapakuwa na mchezo wowote. Labda walijua kwamba kuna siku ambazo kuzimaliza ukiwa mtu mzima, umefanya kazi yako na hukumwonea mwenzako, ni ushindi wa kutosha.

Tunapoandika haya Machi haijakwisha, na vyuo vile vinne havijajibu. Hatujui vitajibu nini, wala hatutajifanya kujua. Tumeifunga barua yetu kwa salamu kama tulivyozoea. Hatukumwuliza binti yetu kama ameshinda. Tumemwuliza ameshindaje.